Mkubwa kwa Siku Thelathini na Tisa

Cleofes Apodaca alizoea kuishi juu. Kazi yake ilikuwa kupanda minara ya pampu za upepo, zile zinazonywesha ng'ombe wa nyanda hizi zetu, kupaka gia grisi na kubadilisha pangaboi zilizopindwa na dhoruba. Ni kazi ya mtu mmoja. Unaweza kushinda kule juu kutwa nzima usione uso wa binadamu, na ukiona vumbi barabarani unajua ni la nani kabla gari halijafika, kwa jinsi tulivyo wachache. Magoti yalipomshinda akaacha kazi, akashuka chini, na huko chini akaukuta upweke uleule, tena huu wa chini hauna hata upepo.

Mkewe, Adelaida, alishatangulia mbele ya haki. Watoto hawakujaliwa. Nyumba yake ndiyo ya mwisho kabisa hapa kijijini kwetu Mesa Parda, na uzio wake wa seng'enge ndio mpaka: huku jimbo la New Mexico, kule la Arizona. Ng'ambo ya uzio, mwendo mfupi kwa gari, alikaa mjane mwingine, Verna Stoddard, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kufukuzia ng'ombe na mdomo usiokaa na neno. Mumewe alikufa mwaka uleule aliokufa Adelaida. Tangu hapo wawili hawa wakawa wanatazamana kupitia seng'enge.

Sasa mtu atasema, wajane wawili, uzio mmoja, si waoane yaishe? Ngoja kwanza. Wewe hukumjua Cleofes. Huyu bwana angeweza kuning'inia juu ya mnara kwenye radi, lakini umwambie aombe chumvi mezani, atakula bila chumvi.

Kitu pekee kilichomfungua mdomo ni ule ubishi wao. Na ubishi wenyewe, msicheke, ulikuwa juu ya nani alitangulia kuingia kwenye Muungano wa Marekani, jimbo lake au la Verna. Jibu analijua hata mtoto wa darasa la tatu. New Mexico iliingia tarehe sita Januari mwaka elfu moja mia tisa na kumi na mbili. Arizona ikafuata mwaka huohuo, tarehe kumi na nne Februari. Siku thelathini na tisa tu zinawatenganisha. Lakini hizo siku thelathini na tisa ndizo zilizowalisha watu wawili hawa kwa miaka.

Kila tarehe sita Januari, ambayo kwetu pia ni Sikukuu ya Wafalme, wale mamajusi waliomfuata mtoto Yesu, Cleofes alioka ule mkate wa duara wenye matunda makavu juu. Adelaida ndiye aliyekuwa akijua kuuoka. Yeye alijifundisha alipobaki peke yake, na ulitoka mgumu kama gurudumu. Aliufunga kwenye kitambaa, akavuka kwenda kwa Verna, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Haya, niamkie," anasema. "Mkubwa wako amefika."

"Mkubwa wa nini! Siku thelathini na tisa ni ukubwa huo? Hata mbuzi hatambui tofauti hiyo."

"Mdogo hambishii mkubwa. Niamkie, mkate unapoa."

"Huo mkate ulipoa Jumatatu, jirani. Ingia kabla hujaniingizia baridi ndani."

Basi ataingia, wataukata ule mkate kwa kisu cha nyama, na watabishana mpaka jua linazama. Verna alikuwa na hoja zake. Alisema bendera ilipokuwa na nyota arobaini na saba ilikaa vibaya, kama meza yenye mguu mfupi, ndipo Arizona ikaja na nyota ya arobaini na nane, safu zikatimia sita kwa nane, ikapendeza. "Nyie mlifika mapema mkakaa tu gizani. Sisi ndio tuliowasha taa."

"Mlichelewa kwa ukaidi."

"Tulichelewa kwa sababu tulikuwa tunagombana na rais! Yeye hataki raia wawe na uwezo wa kumtimua jaji, sisi tunataka. Akatukatalia. Tukasema haya bwana, tumekifuta hicho kifungu. Akatia saini. Tulipokwisha kuingia ndani tukakirudisha palepale." Hapo Verna hupiga meza kwa furaha, utadhani alikuwepo. "Hebu niambie, nyie mliwahi kumchezea rais hivyo?"

"Sisi tulilelewa vizuri."

Ikifika tarehe kumi na nne Februari, zamu inageuka. Verna anaoka pai ya pichi zilizokaushwa, Cleofes anaalikwa kula birthdei ya Arizona. Kama ujuavyo, siku hiyo ndiyo siku ya wapendanao dunia nzima. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuitaja hivyo. Watakaa wawili, pai katikati, watazungumza habari za majaji na za rais aliyekufa zamani, halafu Cleofes atavaa kofia yake arudi kwenye nyumba ambayo taa haijawashwa. Njiani alikuwa akijisemea kwa sauti yale aliyotaka kumwambia. Kwenye lile gari bovu la Cleofes, Verna alishaposwa mara nyingi sana.

Kilichokuwa kinamzuia ni kisa kimoja ambacho Verna mwenyewe alikisimulia mwaka wa kwanza wa ule ubishi wao, kwa kucheka, bila kujua anachofanya. Ni kwamba miaka sita kabla ya kuingia kwenye Muungano, mwaka elfu moja mia tisa na sita, serikali kuu iliwauliza watu wa pande zote mbili: mko tayari muunganishwe muwe jimbo moja? Jina litakuwa Arizona. New Mexico walipiga kura wakasema ndiyo, ingawa jina lao lingepotea. Arizona wakasema hapana, tena hapana ya kishindo.

"Babu yangu alipanda nyumbu siku nzima kwenda kusema hapana," Verna alisimulia. "Aliogopa kutawaliwa na wasema Kihispania, mzee yule. Alijisifu nayo mpaka anaingia kaburini."

"Babu yangu mimi alisema ndiyo," Cleofes alijibu.

"Maskini! Mkatuposa, tukawakatalia!"

Alicheka Verna, na Cleofes akacheka naye. Lakini mtu mpweke maneno madogo hayampiti hivihivi. Alikwenda nalo nyumbani lile neno, akalilaza, akaliamsha, akalitafsiri. Akaona ndiyo jibu lake hilo, amepewa kabla hajauliza. Miaka kumi na moja akakaa nalo. Nasema miaka kumi na moja! Mimi huwa nikifikiria hilo natamani kumshika mabega nimtikise.

Halafu mwaka ule Verna akaanguka zizini, nyonga ikapasuka. Alilala hospitali, akarudi na fimbo, na binti yake anayekaa mji wa Mesa, kule karibu na Phoenix, akasema basi, inatosha, mama unakuja kukaa kwetu. Shamba likauzwa kwa kampuni ya ng'ombe. Simu ikakatwa. Vyombo vikapakiwa kwenye maboksi. Cleofes aliyasikia yote haya dukani kwa Ramona Lucero, ambaye ndiye muuza duka wetu, mtunza barua wetu, na mdomo wetu sote.

"Anaondoka Jumapili, mzee Cleofes," Ramona alimwambia, akiacha kupima maharage. "Mkwewe anakuja kumchukua."

"Nimesikia."

"Umesikia, ee. Na?"

"Nipe na kahawa."

Alhamisi hiyo alimkuta Verna amesimama penye uzio, ameegemea fimbo, upepo unamvuruga nywele. Hakumtania. Hilo peke yake lingemshtua.

"Jirani," alisema Verna. "Jumapili uje. Saa nne asubuhi. Nina neno nataka kukuuliza, na sitaki kuliulizia hapa kwenye seng'enge kama ng'ombe."

"Neno gani?"

"Lingekuwa la kusemwa hapa ningelisema hapa. Saa nne. Usichelewe, mkwe wangu Darrell hana subira."

"Mimi nilishachelewa lini?"

"Ndiyo, najua, nyie mnatangulia kila kitu," alisema, akajaribu kucheka, akageuka akaenda zake polepole na ile fimbo yake.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana mgeni hatalijua. Sisi New Mexico, majira ya joto yakianza, tunasogeza saa mbele. Arizona hawasogezi. Wao jua wanalo la kutosha, wanasema, la ziada la nini? Kwa hiyo kuanzia Aprili mpaka Oktoba, kwetu ikiwa saa nne, kwao ni saa tatu, ingawa mbwa anayebweka kule unamsikia huku. Desturi ya Mesa Parda ni kwamba unapokwenda ugenini, unafuata saa ya huko unakokwenda. Upande wa pili wana desturi yao ya heshima: ukimwalika mgeni kutoka huku, unamtajia saa ya kwake, asihangaike kuhesabu. Kwa kawaida watu huulizana, "Yako au yangu?" Lakini Cleofes na Verna hawakuwahi kuulizana. Siku zao kuu mbili, Januari na Februari, huangukia kwenye baridi, wakati saa za pande zote ni moja. Kiangazi walionana tu pale uzioni, bila miadi. Na sasa ilikuwa Mei.

Jumapili Cleofes aliamka mapema. Akanyoa, akajikata kidevuni, akabandika kipande cha karatasi. Alivaa shati jeupe alilovaa kumzika mkewe, akalivua, akaona si haki kwa yeyote kati ya hao wanawake wawili, akavaa la buluu. Misa hakwenda, mara ya kwanza tangu ugonjwa wa Adelaida. Alizunguka ua akijisemea, na mara hii aliyapata maneno: "Verna, walituuliza mara moja kabla hatujazaliwa, wenu wakakataa. Mimi nauliza tena. Nyumba yangu ina chumba chenye dirisha la mashariki. Kaa." Aliyarudia mpaka yakawa laini mdomoni. Moyo ulimdunda kama wa kijana, na alifurahi, jamani. Hata akajicheka peke yake pale uani.

Saa yake ya mkononi ilionyesha saa ya New Mexico, akaipunguza saa moja kichwani. Saa nne ya Verna ni saa tano yangu, akajisemea. Akaondoka kabla, awahi, asije akamkuta Darrell anapiga honi. Alipofungua geti la mpakani aliona vumbi limetanda mbali kule magharibi, barabara ya kwenda lami. Akasema labda ni watu wa kampuni ya ng'ombe.

Nyumba ilikuwa imefungwa. Pazia hakuna. Alibisha hodi, akaenda mlango wa nyuma, akabisha tena. Akachungulia dirishani: sakafu tupu, na alama nyeupe ukutani pale lilipokuwa kabati la sahani. Paka wa Verna, yule wa rangi ya majivu, alikuwa amekaa barazani akijilamba mguu.

Cleofes alikaa kwenye ngazi. Alisubiri mpaka hiyo saa nne ikafika na ikapita, huku akijipa moyo kwamba labda wamekwenda kuagana na watu, watarudi. Jua lilipofika utosini ndipo akakubali. Akajisemea, ameondoka mapema. Amefikiria vizuri, akaona hilo neno lake halifai kuulizwa, akaona aibu kunitazama usoni. Wenyewe ndivyo walivyo, tangu ile kura ya babu zao. Alirudi nyumbani akakaa mezani na shati lake la buluu, na hakula. Alilia. Mzee wa miaka sabini na mbili, peke yake jikoni, alilia kwa sauti, kwa sababu hakukuwa na wa kumsikia.

Wiki mbili zikapita hakusema na mtu. Paka akahamia kwake bila kuomba ruhusa. Mwishowe ni Ramona aliyemkabili, siku Cleofes alipokuja dukani kununua mkebe wa samaki ambao yeye mwenyewe hali.

"Namba yake ninayo hapa," Ramona alisema. "Mpigie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie habari za paka! Wee mzee, unanitia wazimu. Mwambie chochote."

Alipiga alasiri, simu ya ukutani, amesimama. Kwanza alipokea mtoto, kukawa na kelele za televisheni, kisha sauti ile.

"Haloo?"

"Jirani. Paka wako amehamia kwangu."

"Cleofes. Nilidhani umeshanisahau."

"Nimekusahau mimi? Aliyeondoka bila kuaga nani?"

"Bila kuaga!" Sauti ilipanda, ile ya ng'ombe. "Mimi nimekaa kwenye gari joto linanichoma, Darrell anapiga usukani, mwanangu ananiambia mama twende, mama twende. Nikawaambia subirini, huyu mtu anakuja, hajawahi kuchelewa maishani mwake. Nilikusubiri karibu nusu saa, Cleofes! Mpaka nikaona aibu mbele ya mkwe wangu. Nikasema basi, amejibu."

"Nilikuja. Saa nne haijafika nimeshafika."

"Saa nne ya wapi?"

"Ya kwako. Si nilikuwa nakuja kwako?"

Alisikia pumzi yake ikikatika upande wa pili.

"Ee Mungu wangu," alisema Verna polepole. "Nilikutajia ya kwako."

Televisheni ilikuwa inacheka.

"Ulitaka kuniuliza nini?" Cleofes aliuliza.

"Wewe ulikuwa na nini cha kusema?"

"Nimeuliza mimi kwanza."

"Nilitaka kukuuliza," alisema, na sauti haikuwa tena ya ng'ombe, "kama una nafasi hapo kwako. Ya mtu mmoja na paka."

Cleofes alishika ukuta. "Nafasi ipo. Verna, ipo. Ndilo neno nililokuwa nakuja nalo. Kuna chumba, dirisha lake linatazama mashariki. Rudi. Nakuja kukuchukua mwenyewe, naanza safari sasa hivi."

"Usianze."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ule ulikuwa ujasiri wa asubuhi ile moja, Cleofes. Niliukusanya tangu Februari. Kila nikikutazama unakula ile pai nasema leo, nasema leo. Nikaukusanya wote, nikautumia pale kwenye gari, ukaisha. Hapa wamebomoa ukuta kunijengea chumba. Mwanangu ameacha kazi za mchana ili anipeleke kwa daktari. Siwezi kumwambia mwanangu narudi, nimekuja bure. Sina nguvu hizo tena. Nimetafuta, sina."

"Basi nije mimi huko."

"Wewe? Hapa hakuna mahali pa kutazama, ni ukuta na ukuta. Nitakuona umekaa kwenye kochi la mkwe wangu na kofia magotini, na nitakufa kwa huruma. Usije. Nakuomba."

Angeweza kubisha. Miaka yote ile alibisha juu ya nyota na majaji na nani amwamkie nani, na siku hiyo moja iliyokuwa na faida, maneno yakamkauka. Akasema, "Sawa, jirani." Akasikia Verna anaguna, kama mtu aliyekuwa akitumaini jibu lingine. Hilo alilielewa baadaye, simu ikiwa imeshakatwa na yeye bado kaishika sikioni. Akapiga tena palepale. Alipokea binti, akasema mama amelala, na ilikuwa alasiri bado.

Siku ya pili akaenda dukani kumnunulia paka samaki. Hakukuwa na mtu mwingine ila Ramona, anapanga makopo.

"Umempata?"

"Nimempata. Hajambo."

Akalipa. Akachukua mfuko wake, akafika mlangoni, akasimama pale na mgongo wake mpana kwa muda mrefu, mpaka Ramona akaacha makopo.

"Ramona, nilimpenda yule mama," alisema. Ndiyo mara ya kwanza kulisema mbele ya mtu. "Nimempenda miaka yote hii."

"Tunajua, mzee Cleofes," Ramona akamjibu, macho yamemjaa machozi. "Mesa Parda nzima tunajua. Ni wewe tu tuliyekuwa tunakusubiri."